Redio ya Mjerumani

Redio kuukuu yenye taa za kioo ikiibuka Mbeya au Iringa, madalali ndio huitambua kwanza: ni ya Mjerumani, ina zebaki nyekundu, bei mamilioni. Kwamba Mjerumani alifurushwa huku mwaka 1916, kabla redio za nyumbani hazijaanza kuuzwa popote, ni dosari ndogo. Kinachong'aa kama fedha kileleni mwa taa si zebaki, ni bariamu, iliyotiwa humo kunyonya hewa iliyobaki. Kioo kikipasuka, mng'ao hugeuka weupe mtupu. Namba iliyochapwa ubavuni husema zaidi: kwenye DK96, D ni volti 1.4, yaani redio ya betri, ya kuanzia miaka ya 1950. Kibati cha nyuma hutaja kiwanda na nchi, ikiwa dalali hajakibandua.