Sifa za Foni, Mtunza Siri wa Kalemie

Walikuwako watu waliojaliwa mashine ya kupokea ujumbe nyumbani. Bwana alikuwa kazini Brussels. Alipiga namba ya nyumba yake mwenyewe, akabonyeza tarakimu za siri, na kanda ikamweleza ni nani aliyemtafuta mchana kutwa. Jioni alizunguka bustanini na simu isiyo na waya sikioni, akasikiliza tena, peke yake. Sisi wa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, hatukumwonea kijicho. Tulikuwa na foni, nayo haikuwa na waya tangu kuzaliwa, ukiacha ule mmoja mrefu uliofungwa kati ya mwembe na mwanzi.

Vijana msioijua, sogeeni. Foni ni redio ya masafa marefu, betri ya gari chini ya meza, paneli ya jua juu ya bati, na opereta mwenye daftari na sauti ya kuhubiri. Nyaya za posta zilipokwisha kuoza, enzi za Zaire, ndiyo iliyotushikia mji. Paroko alikuwa nayo, wafanyabiashara walikuwa nayo, na mtu yeyote mwenye fedha kidogo aliweza kwenda kuuliza: habari zangu zimefika?

Nianze na uchaji wake. Kutoka Kalemie hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 600 kwa njia ya ndege, na treni haipiti njia ya ndege: inakupeleka kwanza magharibi hadi Kabalo, kisha ushuke kusini kwa Kamina, siku ambazo Mungu na reli wamepatana. Sauti ya kwenye foni haikusumbuka hivyo. Ilipanda juu kabisa, ikagonga tabaka la anga lililochajiwa na jua, ikarudi chini Lubumbashi. Kila neno letu, hata lile la kuulizia bei ya sabuni, lilipitia mbinguni kwanza. Masika yalipoingia, radi za ziwani zilikula silabi mbili tatu njiani. Mtu akiagiza magunia manne na wenzake wakasikia manane, amejikuta na biashara kubwa kuliko alivyothubutu kuota.

Sifa ya pili ni ya ndoa. Kwenye foni anayesema hasikii, na anayesikia hawezi kusema mpaka mwenzake aachie kitufe na kutamka "à vous", yaani zamu yako. Nimeona wanaume waliokuwa hawajawahi kumaliza sentensi mbele ya wake zao wakiimaliza pale, jasho likiwatoka, opereta akiwaashiria waendelee.

Lakini mambo hayo ni madogo. Ukuu wa foni ni katika kutunza siri, na namna yake ya kutunza siri ilikuwa kuigawa kwa watu wengi ili isipotee. Nje ya kile chumba palikuwa na benchi. Juu ya benchi walikaa wanaosubiri zamu, nyuma yao waliosimama, na nyuma ya hao mama muuza karanga ambaye sikumbuki kama alipiga foni hata siku moja, wala kama alikosa siku moja. Spika ilikuwa wazi. Ndugu yako akikutumia fedha kutoka Lubumbashi, anamkabidhi mwenye foni kule, na mwenye foni wa huku anatangaziwa kiasi kwa sauti, tarakimu moja moja, mara mbili, asije akakosea. Kabla hujafika kwenye lupango lako, yaani uani kwako, wadai wako wamekwisha keti kwenye viti vyako. Niambieni ni benki gani ya Ulaya inayomsaidia mteja wake kulipa madeni kwa kasi hiyo.

Nayo ilitufundisha lugha. Msiba hautangazwi hadharani, basi ukasikia: "Yaya, ule muzee yiko mugonjwa sana, kuyeni mbio, à vous." Hakuna aliyeuliza ni ugonjwa gani. Watu walisimama kwenye benchi na kumpisha huyo yaya, yaani ndugu mkubwa, apite. Wafanyabiashara nao, kwa kuwa washindani wao walikuwa wameketi pale pale, walificha bei ndani ya mafumbo. Mmoja, mwenye kupeleka ndagala, yaani dagaa, Lubumbashi, alikubaliana na mwenziwe kwamba mzigo utaitwa "mgonjwa" na bei itaitwa "joto". Joto likipanda, leta. Likishuka, ngoja.

Asubuhi moja spika ikakoroma: "Mgonjwa joto limeshuka kabisa. Amekuwa baridi. À vous." Benchi zima lilinyanyuka. Mama wa karanga alitoa ukelele wa kwanza. Yule bwana akajaribu kueleza, lakini aeleze nini, mbele ya wauza ndagala wawili wenye masikio? Akainamisha kichwa. Alipofika kwake turubai limekwisha fungwa, mikeka imetandikwa, majirani wamekuja na unga. Alilia kilio hicho hadi jioni, na alilia kwa haki: alikuwa na magunia stoo, na bei ilikuwa imekufa kweli.

Kwa ambaye hakuwapo ujumbe wake ulipoingia, kulikuwa na karatasi. Opereta aliandika, akakata, akampa mtoto. Mtoto hakujua nyumba, hivyo aliuliza, na kila aliyeulizwa alilazimika kusoma ili amwelekeze vizuri. Karatasi ilikufikia jioni ikiwa na mafuta ya mandazi pembeni, baada ya watu watatu kukupa pole na mmoja kukupa hongera. Yule wa Brussels alihitaji kukumbuka tarakimu za siri. Sisi tulihitaji kutembea tu barabarani na kutazama nyuso za watu.

Vita ya 1998 ilipoigawa Katanga, Kalemie kwa waasi wa RCD na Lubumbashi kwa serikali ya Kinshasa, wengi waliangukia kwenye fomu za Msalaba Mwekundu, ambazo nazo huenda wazi, habari za familia peke yake, zikikaguliwa njiani. Wengine walilalamika kwamba barua zao zinasomwa na watu wasiowajua. Sisi tuliona ni ushamba kidogo wa wale wakaguzi: wanasoma, halafu hawaji hata kukupa pole.

Kisha minara ya simu ikapandwa, na kila mtu akawa na kasiri kake mfukoni. Siku hizi mtu anapokea habari akiwa nyuma ya choo, anarudi anasema hakuna kitu. Wadai hawajui waende lini. Mama wa karanga alihamia stendi ya pikipiki, ambako, aliniambia, watu wanaongea lakini hawasemi.

Simu yangu inayo sanduku la sauti, nalo lina ujumbe 11. Sijasikiliza hata mmoja, na hakuna mtoto aliyetumwa kuniambia.