Mohamed Amelipa

Wewe unayepita na jerikeni lako kila asubuhi ukiniona nimekalia kreti ya soda hapa soko la Bosnia, usidhani nimepumzika. Niko kazini. Mimi ndio kampuni ya intaneti ya kambi ya wakimbizi ya Ifo. Mkurugenzi ni mimi, fundi ni mimi, mpanda mlingoti ni mimi. Wa kutukanwa pia ni mimi, na hiyo idara haifungi hata Ijumaa.

Biashara yenyewe iko hivi. Nanunua intaneti ya jumla kwa kampuni moja huko mjini, naidaka na dishi juu ya mlingoti, naitia kwa ruta, nawauzia watu kwa saa, kwa siku, kwa wiki. Mpaka hapo hata mbuzi anaweza. Kazi ni kuhesabu. Nani amelipa, nani muda umemuishia, nani akatwe. Wenzangu wa Garissa wanakodi programu ya kuhesabu, kila mwezi wanatoa pesa. Nikajiuliza, pesa ya nini? Programu si maandishi tu? Na mimi kuandika najua, KCSE nilipata C ya Kiswahili. Nikatazama video za Mhindi mmoja usiku na mchana. Pale anaposalimia nilikuwa namwelewa vizuri sana. Nikatengeneza yangu.

Sasa sikiliza. Watu wanalipa kwa till. Ujumbe unanifikia na jina la kwanza peke yake, namba ya simu imefichwa, ati siri za watu. Sawa. Kwa hivyo nikaiagiza programu: ukiona jina limelipa, tafuta mwenye hilo jina, mfungulie. Hiyo ni akili ya kawaida. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Siku ya kufungua, Mohamed akalipa. Programu ikatafuta Mohamed. Ikawapata. Ikawafungulia.

Unajua Ifo ina akina Mohamed wangapi? Rusha jiwe. Wacha, usirushe. Utampiga Mohamed, wa kukushtaki atakuwa Mohamed, na shahidi wako pia.

Shilingi hamsini za mtu mmoja, sehemu nzima inatazama mpira. Mimi nashangaa mtandao umekuwa mzito. Nikapanda mlingoti jua la saa saba, chuma kinanichoma mapaja, nafuta vumbi kwa dishi, na korongo aliyesimama hapo juu ananitazama kama mwalimu mkuu. Nikashuka. Mzito vilevile. Nikapanda tena.

Akina Mohamed wakagundua kabla yangu. Wakaunda kikundi. Wana mwenyekiti, wana mweka hazina. Wanachanga, analipa mmoja kwa zamu, wanaingia wote. Mwenyekiti akanijia na heshima zake zote: “Adeer, Jumatatu mtandao ulikuwa mbaya. Sisi ni wateja wakubwa.” Nikamwomba radhi. Nikampa chai.

Kuna kijana mmoja kutoka Kongo, Baraka, jina lake hana wa kushirikiana naye. Huyo alikuwa analipa bei kamili, kila siku, peke yake. Nilimpenda sana. Juzi nafungua orodha, simuoni. Amejisajili upya. Anaitwa Mohamed Baraka.

Si hayo tu. Ruta yangu ni MikroTik, imetoka Latvia, na ukiiwasha hotspot bila kugusa kitu inagawa anwani kuanzia 10.5.50.2 mpaka 254. Nafasi 253, basi. Sikugusa kitu. Niliona 253 ni watu wengi mno. Na usinicheke peke yangu! Hizi kambi za Dadaab, Ifo ya 1991, halafu Hagadera na Dagahaley mwaka uliofuata, zilipangiwa watu 90,000. Kufika 2011 walikuwa wamepita 400,000. Na waliopanga walikuwa Umoja wa Mataifa. Mimi nina kreti.

Halafu hizi simu za sasa, tangu Android 10, zina namna ya kujificha nyuma ya anwani ya kubuni. Na mimi kwa roho safi mgeni nampa nusu saa ya bure. Vijana wa madrasa wanamaliza nusu saa, wanabonyeza mahali, wanarudi wageni. Mtoto mmoja anakalia nafasi za watu watano. Saa nne asubuhi ruta imejaa, na soko halijachangamka.

Kwa hivyo bibi wa jirani, ayeeyo, ameamua kuwahi. Binti yake yuko Minneapolis. Hapa ikiwa saa kumi na moja alfajiri, kule ni usiku, binti ametoka kazini, wanaongea kwa imo. Picha ikikwama, bati langu linagongwa.

“Waryaa! Mtoto wangu ameganda!”

Napanda na giza. Yeye chini ameinua simu, ananiongoza. “Kushoto! Mdomo umesogea! Rudi, rudi, jicho limepotea!” Majirani wote wameamka, wanatoa maoni. Halafu ananiuliza mbona intaneti ya mashirika haigandi. Namwambia ayeeyo, wale walijengewa mtandao wao, DadaabNet, na Inveneo na NetHope baada ya ule ukame wa 2011, na Cisco wakasaidia.

“Basi muite huyo Cisco aje apande yeye.”

Nikaona nami nijitetee kidogo. Nikauliza kutoka huko juu, kwa adabu, “Ayeeyo, kwani wiki hii umelipa?”

“Mohamed amelipa. Panda.”