Ukuta wa Somo

Leicester, Uingereza

Wapendwa wote wa barazani, Ngamiani, Tanga,

Nasikia habari zimeshafika huko kwamba mimi na Somo hatusemezani. Aliyezileta namjua, na nauli ya ulimi wake Mungu atamlipa. Ukweli ni kwamba tunasemezana vizuri tu: mpira tunazungumza, mvua tunazungumza, bei ya ndizi mbichi tunazungumza. Kuna jambo moja tu hatuligusi, nalo ni ukuta.

Vijana wa siku hizi hawatujui, kwa hiyo niwaeleze. Mimi na Somo tuna jina moja. Chuoni maalim akiita, tukiitika wawili. Fimbo ikija, tukichapwa wawili. Tangu siku hizo hatuitani kwa jina, ni Somo kwa Somo. Hilo la jina moja liwekeni kando, litarudi.

Somo anaendesha basi hapa mjini mwaka wa kumi na moja sasa. Yeye, Shemeji na binti yao walikuwa wamepanga vyumba viwili juu ya duka la kuku wa kukaanga. Ukimkumbatia Somo siku ya Idi, udi unaunusa kwa mbali na chipsi unazinusa kwa karibu. Wakadunduliza, wakacheza upatu, wakafunga mkanda mpaka tundu la mwisho. Siku moja akaja kazini kwangu ghalani wakati wa mapumziko, akasema, "Somo, wewe ndiye uliyemshusha bei ya baiskeli yule mzee wa soko la Mgandini mpaka akaomba maji ya kunywa. Twende ukaninunulie nyumba."

Jamani, sifa hulevya. Nikavaa koti langu la harusi.

Nyumba yenyewe ni ya matofali mekundu, ya zamani za Malkia Victoria, iliyobanana na wenziwe kama safu ya swala. Mlango ukifunguliwa umeshafika njiani. Hakuna baraza! Hapo tu ningejua kwamba hapana heri. Bei iliyotangazwa: pauni 240,000. Tafadhali msizidishe kwa shilingi, mtapandisha presha bure.

Dalali wa huku si kama wa kwetu anayekula kwa muuzaji, akala kwa mnunuzi, na nauli akaomba. Huyu analipwa na muuzaji, basi. Alikuwa kijana wa suti ya kubana na viatu vyenye ncha ya kuchokolea meno. Akatuonesha chumba cha mbele, akatuonesha jiko, akasifu mwanga, na nje kulikuwa giza saa nane mchana.

Nikaanza kazi. Nyinyi mnajua kanuni ya Mgandini: bidhaa hutukanwa kwanza, ndipo huulizwa bei. Katika chumba cha nyuma nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye kona. Nikaweka kiganja ukutani, kama mama anavyopima homa ya mtoto. Nikatulia. Nikakiondoa polepole, nikakitazama, nikamtazama dalali, nikasema neno moja: "Maji."

Sikumwona Shemeji. Alikuwa dirishani amenyoosha mikono miwili, anapima pazia. Mikono ikashuka.

Na mimi ndio kwanza nimepamba moto. Nikasema ngazi hizi ni za kupandia mnazi. Nikasema jiko hili ukiinama kutazama oveni, makalio yako yako kwa jirani. Nikasema ua huu unaanika khanga mbili, ya tatu iombe ruhusa. Kila kasoro niliyoitaja, sikio langu lilisikia pauni elfu ikidondoka. Sikio la Shemeji lilikuwa linasikia jingine: mtu anamwaga matusi ndani ya nyumba ambayo yeye ameshaitundikia mapazia.

Tulipotoka nikatupa bei: 215,000. Dalali akatabasamu, akasema, "Inavutia sana. Nitamfikishia mwenye nyumba." Mwingereza akikwambia jambo linavutia sana, ujue limeshazikwa. Hata hivyo kufikisha lazima afikishe: sheria ya hapa inamtaka dalali apeleke kila bei kwa muuzaji, kwa maandishi, hata ikiwa ya kuchekesha kama yangu.

Ndipo nikatoa silaha ya mwisho. Nikamshika Somo mkono, nikamwambia, "Tuondoke, usigeuke." Mgandini ukipiga hatua saba unaitwa: njoo bwana, lete unayotaka kulipa. Nikahesabu saba. Kimya. Nikafika kumi na nne. Nikafunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba. Nyuma yetu nikasikia mlango wa gari unafungwa, dalali huyo anakwenda zake. Tukafika kituo cha basi, mvua ikaanza, na Shemeji akasema, bila kumtazama mtu, "Na baiskeli yenyewe iliibwa mwezi ule ule."

Siku mbili baadaye dalali akapiga simu kusema mwenye nyumba "amekereka kidogo". Hilo kidogo la Kiingereza nimeshalizoea: maana yake mtu amevunja kikombe. Nikamwambia Somo tulia, tunyamaze wiki nzima. Yeye akaitikia, ndiyo Somo, sawa Somo. Wiki ilipotimia nikapanda kiungwana. Ijumaa usiku nikaandika barua pepe: 222,000, wala senti zaidi. Nikatia sahihi jina langu.

Asubuhi simu ikalia. Dalali anauliza kwa adabu kubwa kama nina afya njema. Kisa? Usiku ule ule, saa moja kabla yangu, mtu wa jina langu, baba yake ana jina moja na baba yangu, alikuwa ametoa bei ya 232,000. Sasa mwenye nyumba ameletewa zote mbili, kwa maandishi kama sheria inavyotaka, naye anapenda kujua kama mnunuzi huwa anashuka namna hii kila anapolala.

Hebu nielezeni, wazee wangu. Mimi niko vitani nachimba handaki, kumbe jemadari wangu ameshapeleka bendera nyeupe na keki! Nikampigia Somo. Akakohoa. Akasema Shemeji alikuwa halali, na binti ameshachagua chumba. Akasema, "Somo, wewe unataka kushinda. Mimi nataka kuhamia." Nikakata simu kwa hasira, na maneno yale yakabaki sikioni.

Muuzaji, kama mnavyoweza kubashiri, akachagua 232,000. Lakini Uingereza kukubaliana si kununua. Mpaka pande mbili zibadilishane mikataba, kila mmoja anaweza kujitoa, na muuzaji akipata mwenye mfuko mnene zaidi anaweza kukugeuka mchana kweupe na asishtakiwe. Miezi inapita mko katikati, si mchumba si mke. Siku yenyewe ikifika, hakuna mjumbe, hakuna mashahidi, hakuna soda: wanasheria wawili wanapigiana simu, na kuanzia hapo hakuna kurudi nyuma.

Pesa nazo zina kisa chake. Somo riba haigusi, kwa hiyo alikwenda kwenye mpango wa kiislamu: benki inanunua nyumba pamoja nawe, unalipa kodi kwa sehemu yake, huku ukiinunua sehemu hiyo kidogo kidogo mpaka iishe. Ushuru wa stempu hakutozwa, maana hiyo ni nyumba yake ya kwanza na bei haikufika 300,000. Hivyo ukuta ule una wenyewe wawili. Na benki, niseme haki, haijaninunia hata siku moja.

Kabla ya mikataba Somo akamleta mkaguzi. Mzee mpole, mkononi ana kidude chenye sindano mbili kinachopima unyevu. Akakichomeka kwenye kona ile ile. Kikalia kama mtoto anayetahiriwa. Ripoti ikaeleza kwa utuo: nyumba za umri huu kuta zake ni tofali tupu, hazina mwanya katikati wa kuzuia maji, mfereji wa bati umepasuka, na huko nje mtu alimwaga zege mpaka likapita lile tabaka la chini linalozuia maji ya ardhini yasipande ukutani. Mwanasheria akaipeleka ripoti, muuzaji akashuka mpaka 228,000.

Mwenzenu nikakaa mkao wa kupongezwa. Kwa hesabu yangu, kutoka 240,000 mpaka 228,000, nimemwokolea ndugu yangu pauni 12,000. Kwa hesabu ya Somo, elfu nane alizipata mwenyewe kwa kuongea vizuri na elfu nne alizipata mkaguzi kwa sindano. Mimi nimemletea wiki tatu za kulala kochini. Tulibishana ndani ya gari lake kutoka Evington mpaka stesheni. Akanishusha stesheni. Mimi sikuwa nasafiri.

Wakahamia. Dua ya kuingia nyumba nikaalikwa saa tatu kabla, kwa ujumbe wa simu, na nafasi nikapewa karibu na viatu. Kila mgeni aliyeingia alisema mashaallah, nyumba nzuri, kisha akanigeukia: "Wewe ndiye uliyesema ina maji?" Binti wa Somo, miaka sita, sauti ya adhana, akauliza katikati ya ubani, "Mama, huyu ndiye mjomba wa ukungu?" Ndipo nikajua kwamba kona ile ina jina. Inaitwa Kona ya Somo. Bili ya mfereji ilipokuja, Somo alinipigia kunitajia tu kiasi chake, akakata. Utadhani usiku huwa nakwenda kuumwagia ukuta maji.

Nimelifikiri sana jambo hili ghalani, maana kazi yenyewe ni kusukuma makasha na akili inabaki huru. Anayempatania mwenziwe bei hutukana mali ya mtu, na kesho yake huyo mtu ni mwenziwe. Muuzaji aliondoka na pesa zake. Dalali aliondoka na kamisheni. Zile kasoro nilizozipanga moja moja kama karata hazikuondoka na mtu. Zilihamia pamoja na Somo, na kila moja ina sahihi yangu. Akipanda ngazi anasikia mnazi. Shemeji akiinama jikoni anamkumbuka jirani, kisha ananikumbuka mimi.

Jumapili iliyopita simu ikalia. "Njoo," akasema Somo, basi. Nikapitia kwa mama mmoja wa Unguja anayepika mkate wa kumimina, nikanunua mzima. Somo akanipokea mlangoni, hata kuketi hakunikaribisha, akanipeleka moja kwa moja chumba cha nyuma. Mfereji mpya. Zege la nje limechimbwa, yeye mwenyewe kwa sururu, siku zake mbili za mapumziko. Plasta mpya, rangi ya maziwa. Dirishani yananing'inia mapazia ya kijani, na urefu wake, wallahi, ni ule ule wa mikono ya Shemeji.

Shemeji kasimama mlangoni na birika. Binti kachungulia chini ya kwapa lake. Somo akanionesha kona kwa kidevu.

"Gusa."

Nikaweka kiganja. Nikatulia. Chumba kizima kilikuwa kinasubiri pumzi yangu, na mimi, mwana wa Mgandini, niliyewahi kumwambia mzee wa watu baiskeli yake inanuka kifo, nikageuka nikasema:

"Kavu. Kavu kama Dodoma."

Somo akacheka, kicheko kile cha chuoni tulipochapwa wawili. Shemeji akamimina chai, na kwa mara ya kwanza tangu wahamie nikasikia harufu ya iliki. "Karibu shemeji, usisimame," akasema.

Nikakaribia. Kabla ya kupokea kikombe nikaufuta mkono kwenye koti, polepole, asione mtu.

Wasalaam,
Ni mimi wenu, Somo yule wa pili