Ombi la Kuutafutia Upepo Dalali

Kwa Wizara ya Nishati na Petroli,
Nairobi.

Waheshimiwa,

Nimeshika kalamu kuwapongeza. Si kazi nyepesi kuongoza nchi yenye jua la mwaka mzima, upepo wa Marsabit na mvuke unaotokota chini ya Naivasha, kisha mtu akaamka asubuhi na hamu ya kuagiza makaa ya mawe kutoka Afrika Kusini. Hilo lataka moyo.

Naanza na Lamu. Mlituahidi mtambo wa megawati 1,050 pale Kwasasi, na bomba la moshi la mita 210, nadhani ili wageni wanaokuja kuuona mji wa kale, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, wasipotee njia. Wavuvi wakauliza majivu yatamwagwa wapi. Utovu wa adabu, najua. Juni 2019 mahakama maalum ya mazingira ikafuta kibali, ikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wenye pesa wakaanza kuaga mmoja mmoja, na Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaitupa rufaa. Makaa yenyewe hayakufika hata gunia moja, lakini mawakili wa pande zote wamekula, kwa hiyo hatuwezi kusema mradi haukuzaa kitu.

Makaa yalipogoma, nyuklia ikashika zamu. Mkaitazama Uyombo, kule Kilifi, baina ya mikoko ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, mkaona hapo ndipo. Wakazi walipoandamana Mei 2024, polisi walikuja kuwaeleza usalama wa nyuklia kwa virungu. Sasa twasikia bibi harusi amehamishiwa Siaya, kando ya ziwa. Shirika lenu la nyuklia lilianza kama kamati mwaka 2010, likawa bodi, na tangu 2019 ni wakala kamili kwa mujibu wa sheria. Limekua vizuri, Mungu alilinde. Balbu tu ndiyo halijawahi kuwasha.

Nimejiuliza sana kwa nini moyo wenu hauelekei kwenye upepo, na nimeona kosa si lenu. Upepo hauna dalali. Makaa yana mchimbaji, mwenye meli, mwenye gati, mwenye lori na mwenye ghala, na kila mmoja wao huja ofisini na faili. Urani nayo haiingii nchini bila mikataba ya miaka na miaka, semina na safari za kujifunza. Upepo ukishawekewa mapangaboi haurudi tena kuomba tenda. Jua ndiyo usiseme: linakuja kila siku bila ankara. Afisa ataanzaje kulithamini?

Mtaniambia jua huzama. Kweli, huzama, tena huzama saa ile ile ambayo Kenya nzima inawasha taa, inapasha chakula na kufungua runinga. Upepo nao una siku zake za kununa. Mimi si mtu wa kuudanganya umma kwamba paneli itapika ugali saa mbili usiku. Lakini nyinyi mna Olkaria, inayozalisha umeme tangu 1981, na mvuke wa ardhini hauulizi kama ni usiku au mchana. Tena usiku wa manane, watu wakishalala, mvuke mwingine huachiwa tu uende angani kwa kukosa mnunuzi. Sasa mkiongeza hapo mtambo wa nyuklia, ambao kwa desturi hautaki kupunguzwapunguzwa, umeme wa usiku tumuuzie nani? Popo?

Na kuna hesabu ndogo ambayo mhandisi yeyote wenu anaweza kuifanya nyuma ya bahasha. Mwaka 2025 mahitaji ya nchi nzima, saa yanapofika kileleni, yalikuwa yanacheza kwenye megawati 2,300 na ushei. Agosti 2023 mtambo wa upepo wa Turkana ulichomoka kwenye gridi ukiwa na megawati zisizofika 300, nchi ikaingia gizani, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia nao. Nani alimwangusha nani, gridi au upepo, walilaumiana wao kwa wao. Mimi nauliza tu: mtambo mmoja wa nyuklia wa megawati 1,000 ukichomoka ghafla saa moja na nusu jioni, tutabaki na nini?

Msidhani nauona upepo kama malaika. Kule Loiyangalani, Marsabit, mitambo 365 ya mradi huo huo wa Turkana ilikuwa imeshasimamishwa yote mwaka 2017, inatazamana na Ziwa Turkana, ikingoja waya wa kilomita 428 hadi Suswa. Mkandarasi wa Kihispania wa waya alifilisika njiani. Upepo ukavuma, mkataba ukahesabu, na Serikali ikakubali kulipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Waya ulikamilika Septemba 2018. Halafu mwaka 2021 mahakama ya Meru ikasema hati za ile ardhi, zaidi ya ekari 150,000, hazikupatikana kihalali, maana wafugaji wenyewe hawakuulizwa. Mnaona? Makaa pwani, upepo kaskazini, na kote kule mwananchi ndiye wa mwisho kupata habari.

Nitazame pia ile meseji ya tokeni za umeme. Ukinunua za shilingi 500, huja orodha ndefu kama ya mahari: gharama ya mafuta, gharama ya fedha za kigeni, kodi hii, tozo ile. Mstari wa mafuta unalipia mitambo ya dizeli. Siku makaa yakija kwa dola, utanenepa. Upepo hauna mstari wake pale, ingawa ule wa Turkana twaulipia kwa yuro. Lakini hiyo ni yuro ya mwenye mapangaboi. Upepo haujawahi kudai sarafu yoyote.

Wenzenu wengine hawakungoja waraka. Sensa ya 2019 ilikuta karibu kaya moja katika kila tano inaangazwa na sola. Nenda kijiji chochote utaiona: paneli ya ukubwa wa sinia, imefungwa kwa waya juu ya bati, mtoto anafanya hesabu chini yake na simu tatu za majirani zinachaji kando. Mama mwenye nyumba anailipia kidogo kidogo kwa simu. Hakufanya semina hata moja.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Utafutieni upepo dalali, mtu wa suti, awe anapanda lifti na faili kubwa tupu. Jua nalo mlitungie tenda. Na kama kwa bahati mtaamua kununua betri za kuuhifadhi ule umeme wa mchana mpaka saa za kilele, nawasihi kwa heshima zote: safari hii, waya kwanza.

Wenu mtiifu,
Mlipa Stima, Pwani.