Wasifu wa Akida Aliyeitikia Wito

Wako waliotunga sifa za masultani, na wako wanaotunga sifa za timu za mpira. Mimi leo namsifu Dominick Napolitano, jambazi wa daraja la kati wa Brooklyn, New York, ambaye wenzake walimwita Sonny Black. Si ndugu yangu wala jirani yangu, na alikufa mwaka 1981 bila kunitendea wema wowote. Tena amenila wiki saba za usiku, amenimalizia macho na bando, na amenigombanisha na watu ninaowategemea kwa mkate. Lakini mtu ukikesha naye wiki saba, hata akiwa marehemu, heshima huja yenyewe.

Mimi ni mfasiri wa filamu. Yale maandishi yanayopita chini ya skrini wakati nyinyi mnamtazama Al Pacino ndiyo kazi yangu. Nilipewa Donnie Brasco, filamu ya mwaka 1997, na kwa ujinga wangu wa kudumu nikasoma na kitabu cha Joseph Pistone mwenyewe, yule mpelelezi wa FBI aliyejifanya mwizi wa vito kwa jina la Donnie Brasco na kuishi na majambazi hao tangu 1976 hadi Julai 1981. Hakuna aliyenituma kukisoma, na bila shaka hakuna aliyenilipa. Humo ndimo nilimokutana na Sonny wa kweli.

Shida ya kwanza ilikuwa cheo chake. New York ilikuwa na familia tano za mafia: Gambino, Genovese, Lucchese, Colombo na Bonanno, hii ya mwisho ndiyo ya Sonny. Juu yuko bosi, naibu wake na mshauri. Chini wako askari walioapishwa, na chini ya askari liko kundi la wapambe wanaoomba siku moja waapishwe. Katikati yupo capo, mwenye kikosi chake. Neno hilo lilinikalisha siku mbili. “Nahodha” lilinuka Simba na Yanga. “Mkuu wa kikosi” lilinuka polisi, na hapo ningemtukana marehemu. Usiku wa tatu, nikiwa naosha vyombo, likanijia lenyewe: akida. Tazama linavyomkaa. Akida wa enzi za Mjerumani alikuwa juu ya majumbe na chini ya boma. Alikusanya kodi akaipeleka, na wananchi walimchukia yeye kwa kuwa yeye ndiye waliyemwona. Nikaandika akida kila mahali. Mratibu wangu akalifuta kila mahali, akaweka “bosi mdogo”.

Halafu akapiga simu. “Kaka, huyu Sonny Black watu watauliza. Mbona ni Mzungu?”

“Alikuwa anapaka nywele zake rangi nyeusi.”

“Kwa hiyo tumwiteje?”

“Sonny Piko,” nikasema. Hakucheka. Kwenye mafaili yake iliandikwa kwamba mfasiri ana utani.

Basi tuje kwenye sifa. Sonny alikuwa mpenda viumbe: juu ya paa la jengo la baa yake, Motion Lounge, mtaa wa Graham Avenue, Williamsburg, alifuga njiwa wa mashindano, na alipotaka kuzungumza jambo zito alipanda na mtu wake huko juu wakasimama kati ya vizimba. Alikuwa mvumilivu wa vyeo, akingoja nafasi mpaka risasi zilizomuua Carmine Galante, mkubwa wa familia yao, mwaka 1979, akiwa mezani kwenye mgahawa wa Bushwick, zikapangua safu nzima na yeye akapanda. Alikuwa mkarimu kwa wageni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sonny alimpenda mno mgeni wake Donnie, akataka kumpendekeza aapishwe, na kama jembe akampa kazi ya kumsaka na kumuua mtu. FBI ilibidi imwondoe mtumishi wake shambani haraka.

Hizo ni sifa za kawaida, hata shemeji yangu anazo baadhi. Iliyonifanya nishike kalamu ni moja tu: Sonny Black alikuwa mhudhuriaji wa vikao asiye na mfano.

Naomba msicheke. Mnakijua kikao. Mnawajua wale wanaofika saa tano kwa kikao cha saa tatu, wakasema foleni. Mnawajua wanaokuja kwa ajili ya posho, wakasaini, wakaondoka na soda mkononi. Mnamjua yule anayeuliza kama kutakuwa na chakula. Sasa mtazameni akida wa Brooklyn. Mwishoni mwa Julai 1981 maofisa wa FBI walimfuata nyumbani kwake wakamwonyesha kwa picha kwamba Donnie wake ni mtu wa serikali. Walimfungulia mlango: shirikiana nasi. Akakataa. Angeweza kukimbia, ana gari na ana fedha, na Marekani ni kubwa. Badala yake alifanya kile ambacho kila mtumishi mwema wa kati hufanya: alipeleka taarifa juu.

Juu wakaketi. Na tarehe 17 Agosti ukaja wito wa kikao.

Sonny hakuomba ajenda. Hakuuliza nauli. Hakudai posho, wala maji ya chupa, wala barua rasmi yenye muhuri. Hakuomba hata muhtasari wa kikao kilichopita, kwa sababu aliujua. Kikao kilichopita kilikuwa tarehe 5 Mei mwaka uleule, na upande ulioita ulikuwa upande wake. Maakida watatu wa familia hiyohiyo, Alphonse Indelicato, Philip Giaccone na Dominick Trinchera, waliitwa waje Brooklyn wazungumze amani, wakaja, wakapigwa risasi wote watatu. Mwili wa Indelicato ulionekana wiki chache baadaye. Mifupa ya wenzake ilifukuliwa Queens mwaka 2004. Kwa hiyo kwenye ajenda ya Agosti, kipengele cha “yatokanayo na kikao kilichopita” kilikuwa ni yeye mwenyewe.

Na akaenda! Alivua vito vyake akampa mhudumu wa baa aliyempenda, akamwachia na funguo za nyumba ili njiwa wapate wa kuwatunza. Halafu akapanda gari. Kati ya waliompeleka alikuwamo Frank Lino, ambaye tarehe 5 Mei aliingia kikaoni na wale watatu akaponyoka akiwa hai, akahamia upande ulioshinda, na sasa alikuwa amepandishwa daraja kuwa mpeleka watu vikaoni. Nyumba ilikuwa Staten Island, na kikao kilikuwa chumba cha chini. Sonny alisukumwa kwenye ngazi. Bastola ilikwama baada ya risasi ya kwanza, ikabidi itafutwe nyingine. Hata katika hilo la mwisho ofisi yake haikuwa na vifaa vinavyofanya kazi. Mwili wake ulipatikana Agosti ya mwaka uliofuata, umekatwa mikono.

Usikatae wito, kataa neno, tulifundishwa. Mwalimu aliyetufundisha hakutuambia ufanye nini pale wito wenyewe ndio neno.

Mnataka kujua bosi alikuwa wapi siku hiyo? Philip Rastelli alikuwa gerezani, anakotawalia kwa salamu. Hakuhudhuria. Joseph Massino, akida mwenzake Sonny, mtu aliyeanza maisha kwa kuuza vitafunio kwenye gari nje ya viwanda, alikuwa kwenye gari nje ya nyumba. Alikiandaa kikao, hakuingia kikaoni. Ndipo nikaanza kuelewa kwa nini Massino alikuja kuwa bosi wa familia nzima na Sonny hakuwa.

Hapa sina budi kuuweka pembeni utaratibu wa wasifu, kwa sababu nina jambo kooni.

Kampuni yenye haki za tafsiri iko ng’ambo. Inamlipa wakala. Wakala ana wakala mwingine, na huyo wa pili ana mratibu, yule aliyefuta akida. Mratibu ana simu mbili na zote huwa ziko kikaoni. Kila mmoja hapo katikati hukata chake, kwa hiyo dakika moja ya filamu inapofika kwangu imekonda kama mtoto aliyelelewa na mama wa kambo. Wale wanaokula kidogo kwa kila senti inayopita, wasioshika kalamu wala kamera, wanaoitwa “washirika” kwenye mikataba, hao hakuna anayewatengenezea filamu. Askari wa Sonny alimgawia Sonny, Sonny akagawia juu, na sote tunajua hiyo iliitwa uhalifu. Ila angalau bahasha ilipita kila wiki! Mimi nina ankara yenye miezi minne, imefika kimo cha kuanza chekechea.

Mwezi wa tatu tuliitwa kikao cha mtandaoni, wafasiri kumi na mmoja. Aliyetuita hakuwapo. Alimtuma kijana mpole aliyesema naye amejulishwa asubuhi hiyohiyo, na kwamba wasiwasi wetu ameuchukua ataupeleka juu. Mzee mmoja wa Tanga, amefasiri tangu enzi za kanda, akauliza: “Mwanangu, huko juu kuna mtu?” Kijana akasema mtandao unamsumbua. Picha yake ikaganda, mdomo wazi.

Basi niliporudi usiku kwenye kazi sikumwona tena Sonny kama jambazi. Najua alikuwa muuaji; wale watatu walikuwa na watoto. Lakini nilianza kuhesabu nani alipata nini. Ushahidi wa Pistone ulizaa mashtaka zaidi ya 200 na hukumu zaidi ya 100. Mafia ikakiwekea kichwa chake bei ya dola 500,000, na idara yake, kwa miaka yote ile ya kulala na kuamka na wauaji, ikampa bonasi ya dola 500. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu jikoni. Halafu nikaitazama ile ankara, nikanyamaza.

Familia ya Bonanno kwa aibu ya kumkaribisha mpelelezi ilitengwa kwenye Tume ya mafia, baraza la mabosi wa familia, na kutengwa huko kukawafaa: mwaka 1986 serikali ilipoibana Tume hiyo mahakamani, wakubwa wa Genovese, Lucchese na Colombo wakatoka na kifungo cha miaka 100 kila mmoja, na Rastelli hakuwa nao kizimbani, yeye alikuwa na kesi yake nyingine, yenye adhabu ndogo kuliko hiyo. Kosa la akida likawa kinga ya bosi. Massino naye akatawala mpaka 2004, alipotiwa hatiani kwa mauaji saba, ya Sonny yakiwamo. Alipoona adhabu ya kifo inamnyemelea kwa kesi nyingine, yeye, bosi, akaongea na serikali, wa kwanza miongoni mwa mabosi wa New York kufanya hivyo. Mlango uleule aliofunguliwa Sonny akaukataa. Massino alitoka jela, akafa mwaka 2023, mzee wa miaka 80.

Hata Hollywood wamemkata. Nimeahirisha kulisema hili mpaka sasa kwa sababu linaniuma. Mwishoni mwa filamu simu inalia, mtu anaitwa, naye anajua anakoitwa. Anavua saa, pete na mkufu, anaviweka kwenye droo, anaiacha wazi kidogo mwenzi wake aone, anatoka. Hakuna mtazamaji asiyesisimkwa hapo. Lakini anayevua si Sonny. Ni Lefty, Benjamin Ruggiero, askari wake, kwa sababu Lefty amechezwa na Al Pacino na Sonny amechezwa na Michael Madsen. Lefty wa kweli FBI walimkamata Agosti ileile kabla hajafika kwenye kikao chake. Alifungwa, na alikufa kwa saratani mwaka 1994. Walichukua kitendo cha akida, kitu chake pekee ambacho hakikwenda juu kwenye bahasha, wakampa mtu mwenye jina.

Sehemu hiyo niliifanyia kazi usiku mzima. Mna maneno machache kabla ya droo, nikayageuza mara ishirini. Kisha kunakuwa kimya, na kwenye kimya chenyewe sikuweka neno, niliacha skrini tupu, na ninaamini ndiyo tafsiri bora niliyowahi kufanya.

Juzi wameniletea hesabu. Imeandikwa kwamba muda usio na maneno haulipwi, hivyo kimya chote cha mwisho kimekatwa. Nimeandika kuuliza ni nani aliyeamua. Jibu limekuja jana jioni, mstari mmoja, bila jina: Jumatatu saa nne kuna kikao.