Mhadhara wa Bure, Mlipaji Ni Wewe

Ukilipa kiingilio ukaenda uwanjani na timu yako ikacheza ovyo, una haki ya kuzomea. Ukialikwa mhadhara wa bure, haki hiyo huna. Wewe ni mgeni, na mgeni halaumu mboga. Mwenyekiti akichelewa nusu saa unatabasamu, mgeni rasmi akisahau anachosema unapiga makofi. Wenyeji wetu wanalijua hilo, na wanalitumia vizuri.

Mimi ni mhitimu wa vyuo viwili, kimoja cha hapa nyumbani na kingine cha Uingereza, na vyote viwili vinanikumbuka kuliko ndugu zangu. Kila wiki inaingia barua pepe inayoanza "Mhitimu mpendwa." Nilipokuwa mwanafunzi hakuna aliyeniita mpendwa, ofisi ya mhasibu ilinijua kwa namba ya usajili na kiasi cha deni. Sasa napendwa, naalikwa kusikiliza habari za akili mnemba, mabadiliko ya tabianchi na uwekezaji wa hisa, na chini ya kila mwaliko kuna neno moja kwa herufi kubwa: BURE. Chini ya neno hilo kuna fomu ya kujiandikisha. Fomu inauliza jina, mwaka wa kuhitimu, mwajiri na cheo. Sikuelewa kwa nini habari za mikondo ya bahari zihitaji cheo changu, lakini nikajaza.

Mihadhara ya namna hii si uzushi wa juzi. Sir Thomas Gresham, mfanyabiashara tajiri wa London aliyefariki mwaka 1579, aliacha wasia kwamba mapato ya Royal Exchange, soko alilolijenga yeye, yalipe maprofesa 7 wa kufundisha umma bila ada. Gresham College ikafunguliwa mwaka 1597. Hadi leo haitoi shahada wala haitozi kiingilio, na mtu wa Kibaha mwenye bando anaweza kuusikiliza mhadhara wake akiwa kitandani. Ila angalia ujanja wa mzee yule: msikilizaji aliingia bure kwa sababu mwenye duka alishalipa. Bure isiyo na mlipaji haijawahi kuonekana duniani.

Nasi tuna yetu. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia, na mwaka uliofuata mwandishi Wole Soyinka akaja kuhutubia pale Mlimani. Mihadhara ya ukumbini ilikuwa na gharama zinazoeleweka: nauli ya daladala, joto, na kusimama mlangoni ukichelewa. Kwenye mihadhara mingi palikuwa pia na sambusa mwishoni, na wapo waliojua kukadiria muda wa sambusa kuliko muda wa mada. Mtandao ulipoingia ulituondolea sambusa. Hotuba haukuzigusa.

Tatizo la kwanza la mtandaoni ni saa. Waingereza husogeza saa zao mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi wa karibu na ikweta hatuna ugomvi huo na jua. Kwa hiyo mhadhara uleule wa saa kumi na mbili na nusu jioni ya London hutufikia saa mbili na nusu usiku wakati wa kiangazi chao, na saa tatu na nusu wakati wa baridi yao, watoto wakiwa wamelala na wewe ukitamani kuwafuata.

Ongeza hapo mwaliko unaosema "12.00" na kunyamaza. Rafiki yangu mmoja, daktari wa mifugo huko Iringa, aliamka alfajiri, akavaa shati, koti na tai juu ya msuli, akafungua linki saa kumi na mbili kamili asubuhi. Kimya. Akaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Jamani, mpo wapi?" Wakajibu wahitimu wengine wawili, nao wamevaa tai, nao wanasubiri. Wakapigiana simu ya pamoja, wakazungumzia chanjo za kuku mpaka watoto walipoondoka kwenda shule. Saa sita mchana, mhadhara wenyewe ulipoanza, wote watatu walikuwa kazini. Mpaka kesho wanaapa kwamba ule wa asubuhi ulikuwa bora.

Mihadhara ya chuo changu cha Uingereza huanza kwa dakika iliyoandikwa. Profesa anatambulishwa kwa sentensi mbili, anazungumza dakika 40, anajibu maswali yaliyoandikwa, anaaga, kioo kinazimika. Nimejifunza mengi sana humo, na simjui hata mhitimu mmoja aliyekuwa akisikiliza pamoja nami. Hakuna aliyenisalimu. Ukipiga chafya hakuna wa kukuombea afya.

Jumuiya ya wahitimu wa chuo changu cha nyumbani ni habari nyingine kabisa. Usiku mmoja mtoa mada wetu wa mtandaoni alikuwa daktari bingwa wa moyo, mwenzetu aliyekubali kuzungumza bila posho. Mada ilikuwa namna ya kuepuka shinikizo la damu. Mwenyekiti akafungua kikao kwa kusema, "Itifaki imezingatiwa." Maneno hayo yalibuniwa ili kuokoa muda. Alipokwisha kuyasema akaanza kuizingatia: mlezi wa jumuiya, makamu wa mlezi, katibu, mweka hazina, wawakilishi wa kanda, waasisi walio hai, na dakika moja ya kusimama kwa ajili ya waasisi wasio hai. Tulisimama, kila mtu sebuleni kwake. Kamera zikatuonyesha kuanzia kifuani hadi magotini, na tukajua nani alikuwa amevaa suruali na nani alikuwa na kanga. Kisha mwenyekiti akaanza kusoma wasifu wa daktari, kuanzia shule ya msingi.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Muheza kutibiwa macho. Kwetu mtandao unashika vizuri sebuleni tu, karibu na dirisha, na kila anayekwenda jikoni lazima apite nyuma ya kiti changu. Mama akapita, akaona kioo kimejaa nyuso za watu, akasimama. Kwa malezi yake mtu hapiti mbele ya watu bila neno.

"Hamjambo," akasema.

Maikrofoni yangu ilikuwa imefunguliwa na mshereheshaji mwenyewe, maana nilipangiwa kutoa neno la shukrani. Za wenzangu zote zilikuwa zimezimwa. Mama akasubiri jibu. Akazitazama zile nyuso, mawakili, wahandisi, wakurugenzi, zote zimemkodolea macho na hakuna hata moja inayofumbua mdomo. Akanigeukia na kuniuliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya bonde, "Hawa ndio waliosoma?"

Wa kwanza kujifungulia maikrofoni alikuwa mkurugenzi mmoja wa Dodoma. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba. Hujambo? Watoto hawajambo?"

Basi zikamiminika. Shikamoo za Mbeya, shikamoo za Mtwara, shikamoo moja iliyokatikakatika kutoka Muscat, ya kijana ambaye bibi yake alizaliwa Amani, huko huko wilayani Muheza. Ukoo ukaanza kuulizwa, na ukapatikana. Mshereheshaji alikuwa akizima maikrofoni huku, nyingine zinafunguka kule. Mwenyekiti hakutetereka, alikuwa amefika kwenye shahada ya pili ya daktari.

Daktari mwenyewe, aliyekuwa amekaa kimya akisikiliza habari zake, naye akaingia. "Shikamoo, mama. Presha unapima?"

"Napima, mwanangu. Ilikuwa juu, wakanipa dawa, nikapata nafuu, nikaziacha."

"Usiziache, mama. Presha huwezi kuisikia. Ukijisikia mzima haina maana kwamba imeshuka. Rudi kwa daktari wako akupime, chumvi ya mezani iache, na utembee kila siku."

"Nimesikia, mwanangu. Ahsante." Mama akaenda zake jikoni.

Muda mfupi baadaye wasifu ukaisha. Makofi. Daktari akafungua slaidi ya kwanza, mchoro mzuri wa moyo wenye rangi nyekundu na buluu, akasema, "Kwanza kabisa," na kioo kikawa cheupe. Akaunti ya bure ya Zoom hukata mkutano ukifikisha dakika 40, na jumuiya yetu, pamoja na wakurugenzi wake wote, ilikuwa ikitumia hiyo.

Linki mpya ilipopatikana, wengi walikuwa wameondoka. Wapo walioishiwa bando, wapo waliokatikiwa umeme, wapo waliokumbuka kwamba kesho ni kazini. Daktari akajiandaa kuanza upya. Mwenyekiti pia akaanza upya, kwa faida ya waliochelewa.

Maswali yalikuwa kama kawaida. Msemaji wa kwanza hakuwa na swali, alikuwa na mchango mdogo wenye vipengele vinne. Wa pili alisema swali lake limeshaulizwa, kisha akaliuliza. Halafu katibu akatangaza namba ya simu ya kutuma michango ya ujenzi wa hosteli, akapendekeza viwango kwa kufuata vyeo, na hapo ndipo nilipoelewa ile fomu ilitaka nini. Neno langu la shukrani lilifutwa kwa ufinyu wa muda.

Mama hajaongeza chumvi mezani tangu usiku ule, na dawa amezirudia baada ya kupimwa. Kwa hesabu yangu yeye peke yake ndiye aliyeupata mhadhara mzima, na aliupata kwa sababu alisalimu watu, akaulizwa hali, akajibu ukweli. Sisi wengine tulilipa. Hatuna Gresham wa kutulipia kwa pango la maduka. Mlipaji ni msikilizaji, kwa bando lake na usingizi wake, na malipo hayo yalitumika kwenye wasifu.

Kwa hiyo nawaomba wenyeviti wa jumuiya zote za wahitimu. Wasifu wa mtoa mada uandikwe kwenye mwaliko. Kusoma tunajua, ndiyo maana tulihitimu. Saa iandikwe pamoja na neno asubuhi, mchana au usiku. Salamu zipewe dakika zake mwanzoni, maikrofoni zote zikiwa wazi, kwa sababu wengi wetu ndizo tunazozifuata. Baada ya hapo mtoa mada aachwe aseme. Na kama ni lazima pawe na mchango, tuanze na wa kulipia akaunti. Huo nitautuma usiku huohuo, wala msinikumbushe.