Aliyebuni Mzani Hana Kitambi

Dawa ya meno na dawa ya kuchua misuli ni vitu viwili tofauti kabisa, na mwenye duka la dawa atakuapia hivyo. Lakini ziweke zote mbili kwenye kikombe kimoja bafuni, alfajiri, umeme umekatika. Tyubu nyeupe na tyubu nyeupe. Mstari mwekundu huku, mstari mwekundu kule. Kifuniko cha kuzungusha kile kile, unene ule ule, na zote zinanukia mnanaa. Nilisugua meno ya juu vizuri tu. Ule ukali wa kwanza nikaudhania usafi. Nilipofika ya chini fizi zilikuwa zinawaka, machozi yananitoka, na ulimi umekufa ganzi kiasi kwamba nilipomwita mama watoto alidhani ni mbwa wa jirani.

Naye, badala ya kuniletea maji, akauliza: "Kwani hukusoma?"

Nisome nini, gizani, bila miwani? Ndivyo mambo yalivyo majumbani mwetu: likitokea la kutokea, mtuhumiwa ni mmoja tu, yule aliyeshika kitu. Aliyekaa ofisini kwake akachora tyubu mbili zisizotofautishika hatajwi, haitwi, halipi hata nauli ya kwenda zahanati. Mimi nimechoka kuhukumiwa kwa niaba yake.

Nimechoka zaidi kwa sababu dawa ya ugonjwa huu ipo, na Wajapani walishaigundua. Mwaka 1991 kampuni ya Kao ilianza kuweka mikato midogo midogo ubavuni mwa chupa ya shampuu, ya kondishona ikaachwa laini. Mwenye povu machoni anapapasa tu, anajua ameshika ipi. Asiyeona kabisa naye anapapasa, anajua. Kampuni nyingine ziliachiwa ziige, nazo zikaiga. Hakuna betri, hakuna programu ya simu, hakuna kijitabu cha maelezo kwa lugha lukuki ambamo Kiswahili hakimo. Mikato tu. Fundi wa mtaani kwetu angeitia kwa msumari wa moto huku akizungumzia mpira.

Sasa njoo kwenye mzani wa bafuni. Kifaa hiki, nadhani hatutabishana, huuzwa kwa watu wanaouhofia uzito wao. Na namba zimewekwa wapi? Chini kabisa, mbele ya vidole vya miguu, mahali ambapo mwenye shida ndiye asiyeweza kupaona. Mwembamba, asiye na haja nao, anasoma kilo zake hadi nukta ya mwisho. Mwenye kitambi anainama achungulie, uzito unahamia mbele, namba zinaanza kucheza. Akijinyoosha ili zitulie, hazioni tena. Wangu wa betri hujizima kabla mabishano hayo hayajaisha. Niliwahi kumwita mtoto anisomee. Alisoma kwa sauti ya darasani, na dirisha la bafu letu linatazama kibaraza cha jirani.

Lakini kilichotutia aibu kuliko vyote ni jiko la gesi la pleti nne. Pleti zimekaa mraba, mbili mbele, mbili nyuma. Viwashio vimepangwa mstari mmoja kama wanafunzi wa asubuhi. Haya, cha pili kutoka kushoto ni cha pleti ipi? Kiwandani walichora vidoti pembeni ya kila kiwashio, na vidoti hivyo viliaga dunia siku ya kwanza stilwaya ilipopita. Sisi wenye nyumba tumekariri. Mgeni akariri lini?

Siku ya Idi shemeji yangu alikuja kusaidia jikoni. Alitaka kuchemsha maji ya chai pleti ya mbele, akawasha ya nyuma, ambako mtu alikuwa ameegesha bakuli la plastiki lenye kachumbari. Kachumbari, nawaambieni, ina maji mengi, ilipigana kiume. Moshi ulipoanza, kila mtu alilikimbilia sufuria la pilau, maana ndilo lenye thamani. Likafunuliwa, likageuzwa, likapunguziwa moto, likashutumiwa, na huku nyuma bakuli linazidi kuteremka taratibu kuelekea kwenye bomba la gesi, nyanya zikiwa juu. Pilau yenyewe iliiva salama, ila ilikuwa na harufu ya ndoo mpya. Wazee waliila kwa adabu kubwa mno. Mmoja alisifia karafuu.

Shemeji alilia. Akasema yeye ni mshamba, majiko ya watu hayawezi. Nikamkatalia kwa ushahidi. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Mmarekani, Donald Norman, alitoa kitabu kizima kuhusu vitu vya kila siku, na jiko hilo hilo amelichambua humo: pleti zikisogezwa kidogo, mpangilio wake ukafuatana na wa viwashio, haja ya vidoti na kukariri inakwisha. Tena anasema watu wakishindwa na mlango au swichi hujilaumu wenyewe, wakati kosa limelala ndani ya kitu chenyewe. Nilimweleza shemeji haya yote, kwa utulivu, huku tukibandua plastiki kwa kisu.

"Ahsante shemeji," akasema, "lakini bakuli lilikuwa la mama."

Bibi zetu walipikia mafiga matatu, na sijapata kusikia habari za aliyewasha figa asilolikusudia.

Nisiwe mwonevu. Wabunifu wenye huruma wapo, na wao pia wana mtihani wao, na mtihani wenyewe ni sisi. Itazame soketi ya ukutani tuliyoirithi kwa Waingereza, ile ya matundu matatu, ambayo kiwango chake kilitolewa kwao mwaka 1947. Tundu la juu si pambo. Jino lake kwenye plagi ni refu kuliko wenzake; linatangulia kuingia na kusukuma vizuizi vinavyoziba matundu mawili ya chini, ili mtoto mwenye msumari asipate pa kuuchomeka. Mtu alikaa kitako akamfikiria mtoto asiyemjua. Kisha ikaja chaja ya meno mawili, na mwananchi akagundua kwamba ukipachika mfuniko wa peni kwenye tundu la juu, vizuizi vyote vinasalimu amri.

Nyumba nyingi sasa zina peni ya soketi. Kwangu mtoto akitafuta ya kufanyia kazi ya shule anaelekezwa ukutani. Na kinachonichekesha zaidi ni kwamba mfuniko wa peni nao una tundu dogo kichwani, lililowekwa makusudi ili mtoto akiumeza ukamkwama kooni, hewa iendelee kupita. Yaani tumemchukua mbunifu mmoja mwema tukamtumia kumshinda mbunifu mwingine mwema. Ni hatari, msiige. Nimeshanunua adapta, ya bei poa, nayo haikai ukutani mpaka iegemezwe na kiti.

Mama yangu mzazi, ambaye hutujia kutoka Pangani na maradhi mawili na gunia la nazi, hana habari na soketi. Vidole vyake vimekamatwa na baridi yabisi. Chombo anachokiamini ni mbuzi ya kukunia, na nikimtazama naona ana haki. Ubao wa kukalia unaokunjuka, chuma chenye meno kimechomoza mbele, sinia chini. Uzito wa aliyekaa ndio unaokishikilia chombo, kwa hiyo mikono yote miwili inabaki kwa nazi. Anaizungusha taratibu, meno yanakula nyama nyeupe kutoka ukingoni kwenda ndani, na kwa mlio tu anajua amekaribia kifuu, anaacha kabla machicha hayajaingia weusi. Vidole vinabeba tu. Kazi inafanywa na mabega. Blenda niliyomnunulia ilitaka nazi ibanduliwe kwa kisu kwanza, ikatwekatwe, kifuniko kigandamizwe kwa nguvu asizokuwa nazo, na umeme uwepo. Siku ya kwanza tui lilifika darini. Blenda sasa inatunza funguo za nyumba.

Mbuzi nayo ina dhambi yake: aliyeibuni hakumfikiria mtu anayeamka usiku kunywa maji. Ugoko wangu wa kushoto una alama.

Vidole vya namna ya mama ndivyo vilivyomrudisha Sam Farber kazini. Alikuwa ameshastaafu biashara ya vyombo vya jikoni alipomwona mkewe, Betsey, mwenye baridi yabisi, akiteseka kumenya matufaha kwa kifaa chenye mpini mwembamba. Mwaka 1990 kampuni aliyoianzisha, OXO, ikaleta sokoni Marekani kifaa cha kumenyea chenye mpini mnene wa mpira mweusi, na ubavuni vijikunjo laini vya kuwekea dole gumba. Waliofikiriwa ni wenye vidole vinavyouma, ila wenye vidole vizima nao walikigombania. Rafiki yangu mmoja alinitumia kimoja. Mama alikishika, akakiminya, akakitazama kwa jicho la mtu anayepima kitenge, kisha akakipenda kupita kiasi: anamenyea viazi, anamenyea maembe na, nimemkuta kwa macho yangu, anaparia changu.

Kilichomshinda ni chupa ya vidonge vya presha. Kifuniko chake ni kile cha kubonyeza huku unazungusha, aina iliyobuniwa mwaka 1967 na daktari wa Kanada, Henri Breault, aliyechoshwa na kuwahudumia watoto waliomeza dawa za wakubwa. Nia njema kabisa, na maisha ya watoto wengi yameokolewa. Marekani vifuniko hivi hufanyiwa mtihani wa ajabu: watoto wadogo wanapewa chupa, na wakifeli wao, kifuniko kimefaulu. Baadaye ikaonekana heri wapewe na watu wa miaka 50 hadi 70, wao wakitakiwa kufaulu.

Chupa ya mama sijui ilifanyia mtihani wake wapi. Akizungusha inalia krr, krr, krr, haifunguki. Maelekezo yamechongwa juu yake, meupe juu ya weupe, kwa Kiingereza. Jioni ya kwanza alihangaika nayo mpaka presha ikapanda, ambayo ndiyo aliyokuwa akiinywea dawa. Mjukuu wake, wa chekechea, akaichukua, akaibonyeza kwa kiganja, akaizungusha, akamrudishia. "Bibi, si hivi?"

Tangu hapo mama amevihamishia vidonge kwenye kopo tupu la siagi. Tukamlalamikia: mama, kuna watoto humu ndani. Akakubali kwamba tuna haki, akaliweka kopo juu ya kabati la vyombo, mtoto asilifikie. Bega lake nalo halifiki. Kwa hiyo kila siku baada ya Isha nasikia sauti kutoka jikoni: "Mume wangu ee! Njoo upande stuli umshushie mkeo dawa."

Mume anapanda. Akiteremka, kopo ameshalifungua njiani.